Fremu ya Kumi na Tisa

Kabla ya jicho, nilipiga picha ya kikaratasi:
Osundwa, P. Kushoto. Jumanne.
Bila kikaratasi hicho, ndani ya chumba cha giza
macho yote ya Mumias ni jicho moja.

Sikusomea udaktari.
Nilikuwa na studio mkabala na stendi,
pazia lenye maporomoko ya maji, sofa moja,
na amri moja tu: tabasamu.
Kisha sista wa hospitali ya misheni akaja kuuliza
nani hapa mjini aweza kuvisha kamera filamu
akiwa amefumba macho.
Nikasema mimi. Nilidhani ananitania.

Kamera yao haikutaka tabasamu.
Ilikaa mezani, nzito kama cherehani,
ikitoa pua ndefu ya kioo,
na mbele yake kikombe cha kidevu
nilichokifuta kwa spiriti kati ya mtu na mtu.
"Weka kidevu. Paji la uso ligande hapa.
Tazama kile kitaa cha kijani. Usinitazame mimi."
Mimi, ambaye maisha yangu yote
niliwaomba watu wanitazame.

Osundwa alichemsha sukari miaka ishirini na sita,
kule ndani kwenye matangi,
harufu ya molasi ikilala katika mashati yake.
Sasa sukari imeingia damuni,
na kutoka damuni imepanda machoni.
"Nilidhani nimestaafu," alisema,
"kumbe kiwanda kimenifuata nyumbani."
Hakucheka. Mimi nilicheka, kisha nikajuta.

Matone yalikwisha kuifungua mboni,
ikawa kifungo cheusi cha koti.
Nikasogeza mtambo unywele kwa unywele
mpaka ukungu ukapasuka:
mwezi mdogo, pembeni,
na mishipa ikitoka humo kama vijia vya ng'ombe
wanaoshuka kunywa Nzoia.
Na kando ya vijia, madoa.
Sikutakiwa kuyahesabu.
Nikayahesabu.
Mwanga ulipompiga akashtuka
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

Ilikuwa fremu ya kumi na tisa.
Filamu ina thelathini na sita,
filamu ni ya wafadhili,
hatuisafishi mpaka iishe.
Basi jicho la Osundwa likakaa siku tisa
ndani ya kamera, gizani, likingoja wenzake:
mwalimu kutoka Butere,
mama muuza mandazi,
kijana aliyerukiwa na kibanzi cha chuma.
Naye Osundwa alingoja nyumbani.
Sijui ni nani kati yao aliyeona zaidi.

Usiku wa kusafisha niliitikisa dawa
nikihesabu dakika kwa mdomo.
Nikaianika filamu kwa vibanio vya nguo.
Katika negativu, damu ni nyeupe;
hata madoa hupendeza.

Daktari aliangalia, akaandika barua:
Kisumu, kwenye leza, upesi.
Upesi ni neno la mwenye nauli.

Aliyekuja kuichukua barua ni mkewe, Rasoa.
Akaomba nakala ya picha.
Nikamchapia moja, bila malipo,
akaigeuza, akaigeuza tena.
"Juu ni wapi?"
Nikamchorea mshale kwa kalamu, nyuma.
Akaitazama kama mtu anayesoma risiti.
"Hili ndilo alilonichagulia?"
"Ndilo."
"Na mimi niko wapi humu?"

Studioni ningejua la kusema:
sogea kulia kidogo, mama, inua uso.
Nikatafuta kwa ukucha
mahali pasipo na doa, karibu na katikati,
pale ambapo mtu husomea
na kutambulia nyuso.
"Hapa," nikasema. "Bado pako safi."

Hakusema asante.
Akaifunga kwenye pindo la leso
pamoja na nauli, haikuwa nyingi,
akatoka nje juani
akifinya macho, ingawa yeye
hakuna aliyemtia matone.